Nani Alishika Karatasi Kabla ya Rais? Mwongozo wa igizo la ikulu ya vita kwa klabu za shule

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia au mlezi wa klabu ya midahalo, hapa Moshi na vitongoji vyake, mwenye wanafunzi wa kidato cha tano au cha sita, Jumamosi moja ya asubuhi na madarasa matatu yaliyo wazi. Igizo lenyewe linachukua saa tatu hivi pamoja na mjadala. Hakuna bunduki za mbao wala kukimbizana uwanjani. Wanafunzi watakaa, watasoma karatasi, watabishana, watacheleweshewa wanachokitaka, na mwishoni rais wao atatia saini barua inayoweza kuwaongezea vita ya pili juu ya ile waliyonayo.

Vitabu vyetu vya darasani husimulia vita kwa haraka: adui akavamia, rais akaamua, majeshi yakaenda. Pale kwenye "rais akaamua" pamerukwa mambo mengi. Aliamua akiwa amesoma nini? Alikileta nani, saa ngapi, na nani alikipunguza njiani? Kwa maoni yangu viongozi wa vita hawakosi habari, wanazo hadi zinawafunika. Kinachowaponza ni njia ambayo habari imepita mpaka ikafika mezani. Ndiyo maana katika igizo hili karani ana kazi nzito kuliko jenerali, na ukimpa kazi hiyo mwanafunzi anayesinzia utaharibu siku.

Vifaa ni vya kawaida: rimu ya karatasi nyeupe na kiasi cha karatasi za pinki na za bluu, bahasha za kaki, kaunta buku moja ya masijala, manila, maka peni, saa ya ukutani inayotembea na muhuri wa aina yoyote. Ukitaka mavazi, koti la mtumba kutoka soko la Memorial linatosha kumfanya mtu waziri.

Hatua ya 1: Chagua kisa ambacho darasa halijui mwisho wake

Mwalimu wa Kitanzania hushawishika kuanza na Vita vya Kagera. Visubirishe hadi duru ya pili. Kila mwanafunzi anajua Kampala ilianguka, na wengine babu zao walikuwepo. Anayejua mwisho haamui kitu, anakariri.

Duru ya kwanza tumia kisa cha meli ya Trent, mwaka 1861. Marekani imegawanyika, majimbo ya Kusini yameasi, Rais Abraham Lincoln ana miezi michache madarakani. Tarehe 8 Novemba, Kapteni Charles Wilkes wa meli ya kivita San Jacinto anaisimamisha baharini meli ya barua ya Uingereza, Trent, na kuwatoa humo wajumbe wawili wa waasi, James Mason na John Slidell, waliokuwa wakienda Ulaya kuombea upande wao msaada na kutambuliwa. Hakuwa ameagizwa afanye hivyo. Kaskazini wanashangilia. Uingereza inasema bendera yake imetukanwa. Rais ana vita moja nyumbani, na nyingine inabisha hodi kutoka ng'ambo.

Waeleze wanafunzi hayo tu. Usiwaambie kilichofuata, na simu zikusanye kwenye boksi mapema, la sivyo kuna mmoja ataenda chooni na kurudi na jibu.

Hatua ya 2: Tenganisha vyumba

Ikulu ya Lincoln haikuwa na mtambo wa telegramu. Mtambo ulikuwa Wizara ya Vita, jengo la jirani, na rais alikuwa akitoka kwa miguu, mara nyingi usiku, kwenda kusoma yaliyoingia. Nakala ziliwekwa kwenye droo. Lincoln alizisoma kuanzia ya juu kabisa akishuka hadi kufika kwenye zile alizokwisha kuziona, zikiwemo za jenerali mmoja kwenda kwa mwenzake. Hivyo alijua mambo mengi ambayo hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia yeye.

Kwa hiyo darasa la kwanza liwe ikulu: rais, mawaziri wake na katibu. La pili liwe Wizara ya Vita, na ndani yake, kwenye kona, masijala yenye karani, kaunta buku na droo, au boksi la viatu kama madawati hayana droo. La tatu liwe London. Kati ya vyumba wanapita matarishi peke yao. Mawaziri hawatoki bila ruhusa, ila rais ana ruhusa ya kwenda kwenye droo wakati wowote.

Hilo la mwisho liseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha usilirudie. Marais wengi wa darasani hawaendi. Wanakaa kwenye kiti wakisubiri kuletewa, maana ndivyo wanavyodhani rais anafanya. Akitokea mmoja akanyanyuka, akavuka veranda na kwenda kuchambua droo mwenyewe, utaona jinsi mawaziri waliobaki wanavyotazamana.

Kuna njia nyingine kwa klabu iliyozoea igizo. Januari 1942 Rais Franklin Roosevelt alifunguliwa chumba cha ramani katika ghorofa ya chini ya ikulu yake, chini ya ulinzi wa maofisa wa jeshi la nchi kavu na la majini usiku na mchana. Ujumbe wake kwa wakuu wa nchi washirika ulitoka kwa msimbo wa jeshi moja, majibu yakaingia kwa msimbo wa jeshi lingine. Matokeo yake hakuna wizara iliyokuwa na mazungumzo yote. Jalada kamili lilikuwa katika chumba kile tu, na mwenye chumba ni rais. Ukitaka kuiga, weka matarishi wawili, mmoja wa kutoka na mmoja wa kuingia, na uwakataze wasiongee. Mawaziri watalalamika kwamba hawajui rais ameandika nini. Waache walalamike, hata wale wa kweli walilalamika.

Hatua ya 3: Andaa karatasi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo utakapotumia jioni yako nzima ya Ijumaa. Karatasi za pinki ni za jeshi, za bluu ni za ubalozi, nyeupe ni barua binafsi na magazeti. Kila moja iwe na mistari mitano juu: imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, imeandikwa lini, imefika lini, na mwandishi aliona mwenyewe au aliambiwa. Huo mstari wa tano uache wazi kwenye nusu ya karatasi zote. Rais makini atauliza kwa nini uko wazi.

Maneno tunga mwenyewe, mafupi, yasizidi sentensi tano. Matukio yawe ya kweli. Kwa Trent hizi zinatosha:

Pinki: taarifa ya Wilkes kwamba amewakamata wajumbe. Iandikwe kwa majigambo.

Nyeupe: gazeti linaloeleza sherehe za mitaani kwa ajili ya Wilkes.

Nyeupe: nakala ya barua ya Waziri wa Jeshi la Majini, Gideon Welles, akimpongeza Wilkes, na taarifa kwamba Baraza la Wawakilishi limepitisha azimio la kumshukuru. Muhimu ni kwamba barua ya waziri imekwisha kutumwa. Rais anaipata kama habari, wala haombwi idhini.

Pinki: tathmini ya jeshi kuhusu idadi ya waasi walioko karibu na mji mkuu. Andika namba mara mbili ya ukweli. Jenerali George McClellan aliwahesabu adui zake hivyo, akisaidiwa na wapelelezi wa Allan Pinkerton, na kila hesabu ilipokua ndivyo alivyopata sababu ya kungoja kidogo tena.

Bluu: barua ya Charles Francis Adams, mwakilishi wa Marekani London, kwamba hali imechafuka. Tarehe ya kuandikwa iwe wiki mbili nyuma ya tarehe ya kufika.

Nyeupe: barua za mbunge wa Uingereza John Bright, rafiki wa upande wa Kaskazini, kwa Seneta Charles Sumner, zikiomba wajumbe waachiwe. Hizi hazikupita wizarani. Sumner anazo mfukoni, na lazima aombe mwenyewe kuingia ikulu. Sumner wa kweli alikaribishwa kwenye baraza la mawaziri siku ya Krismasi akazisoma humo.

Pinki: Uingereza inapeleka askari Kanada.

Nyeupe: taarifa ya mfanyabiashara kwamba Uingereza imezuia shura isitoke bandarini. Shura ndiyo chumvi inayotengenezewa baruti, na Kaskazini walikuwa wakiinunua huko. Karatasi hii ipe mwonekano wa hovyo, mwandiko mbaya, bila muhuri. Kila mtu ataitupa pembeni, nayo ndiyo inayosema kwamba vita ya pili ingeanza huku baruti ya vita ya kwanza ikipungua.

Bluu: waraka rasmi wa Serikali ya Uingereza, kupitia kwa balozi wao Lord Lyons. Huu utaandikwa na chumba cha London wakati wa igizo, kwa hiyo usiuandae.

Changanya ubora wa karatasi na ukweli wake, visiende pamoja. Taarifa yenye muhuri mzuri iwe na kosa, na ya mtu asiyeheshimika iwe sahihi. Siwafundishi ujanja, ndivyo ilivyowahi kutokea. Mwanzoni mwa Oktoba 1950, wakati wa Vita vya Korea, Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alimwita usiku wa manane balozi wa India mjini Beijing, K. M. Panikkar, akamwambia kwamba Wamarekani wakivuka kwenda kaskazini China itaingia. Ujumbe ulifika Washington. Ukapuuzwa, kwa sehemu kubwa kwa sababu huko Panikkar alionekana mtu wa kuwapendelea Wachina. China ikaingia kabla mwezi haujaisha.

Kinyume chake ni Agosti 1964 katika Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam. Meli ya kivita ya Marekani iliripoti kwamba imeshambuliwa tena usiku wa tarehe 4. Saa chache baadaye kapteni aliyekuwa msimamizi pale, John Herrick, akatuma ujumbe wa kutia shaka: hali ya hewa ilichanganya rada, wasikilizaji wa sauti za majini walikuwa na papara, na ni vyema mambo yachunguzwe kwanza. Ujumbe wa kwanza ulikuwa umekwisha kukimbia mbele. Rais Lyndon Johnson aliamuru mashambulizi usiku uleule, na tarehe 7 Bunge likampa mamlaka mapana ya kivita. Shambulio lile la pili halikuwepo. Kwa hiyo andaa karatasi moja ya kusahihisha taarifa iliyotangulia, na uilete dakika kumi baada ya ile ya kwanza. Angalia kama kuna atakayerudi nyuma.

Hatua ya 4: Gawa nafasi, ukianza na karani

Mpe urais mwanafunzi anayesikiliza. Anayependa kuongea mpe Mambo ya Nje, awe William Seward. Welles apate anayejiamini kupita kiasi. Simon Cameron, Waziri wa Vita, na McClellan wakae chumba cha pili. London iwe na Waziri Mkuu Palmerston, Waziri wa Mambo ya Nje Russell, Mwanamfalme Albert ambaye ni mume wa Malkia, na Adams. Lyons akae Washington, peke yake, kwenye kiti cha veranda. Wafundishe namna ya kuitana: "Mheshimiwa Rais", "Mheshimiwa Waziri", na kwa wanajeshi "Afande". Kichekesho cha "bro rais" kikianza kinaua igizo lote.

Sasa karani. Mwite pembeni umpe bahasha yenye maagizo ambayo wengine hawayajui. Ataandika kila karatasi kwenye kaunta buku: namba, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani aliichukua. Halafu mpe madaraka mawili. Anaweza kuichelewesha karatasi moja akiona inaleta fujo. Na anaweza kukata sentensi moja katika karatasi nyingine, kwa sharti kwamba kopi kamili ibaki kwenye droo.

Madaraka hayo yana historia. Mwishoni mwa Juni 1862, McClellan akiwa amepigwa na kurudi nyuma, alimtumia Waziri wa Vita mpya, Edwin Stanton, telegramu ya hasira iliyofungwa kwa shutuma kwamba serikali imefanya kila iwezalo kulitoa jeshi lake kafara. Msimamizi wa telegramu, Edward Sanford, aliposoma maneno ya mwisho hakuamini macho yake, akaagiza yakatwe kabla telegramu haijaandikwa upya na kupelekwa. Stanton na Lincoln wakasoma barua isiyo na mkia. McClellan aliendelea kuwa jenerali akiamini kwamba amewatukana na wamenyamaza. Huyo Sanford hakuwa waziri wala jenerali. Alikuwa mwenye ofisi ambayo karatasi ilipitia.

Usimwambie karani atumie madaraka yake au asitumie. Wapo wanaokata hata kisichohitaji kukatwa.

Hatua ya 5: Weka saa moja kwa wote

Dakika kumi za igizo ni wiki moja. Barua kutoka London hadi Washington inachukua dakika ishirini, kwa sababu mwaka 1861 hakukuwa na waya unaofanya kazi chini ya Atlantiki: ule wa 1858 ulikufa baada ya wiki chache, na wa kudumu ukaja 1866. Tarishi wa London akae kwenye benchi la veranda dakika ishirini kamili na bahasha mkononi, hata akiitwa na rais. Rais atakasirika kumuona pale nje kupitia dirishani. Vizuri.

Saa ziandikwe kwa mtindo wa jeshi, 0800, 1430. Mwanafunzi mmoja akiandika "saa mbili" akimaanisha asubuhi na mwingine akasoma mbili ya mchana, utakuwa na mgogoro ambao hukuupanga.

Wakibisha kwamba ucheleweshaji ni wa zamani, wape Oktoba 1962. Ndege ya upelelezi ilipiga picha za makombora ya Kisovieti nchini Cuba tarehe 14, na Rais John Kennedy akaonyeshwa asubuhi ya tarehe 16. Tarehe 26 kiongozi wa Kisovieti, Khrushchev, aliandika barua ndefu ya kutafuta suluhu. Ilipitia ubalozi wa Marekani Moscow, ikatafsiriwa, ikatumwa kwa vipande, ikamfikia Kennedy jioni. Asubuhi ya tarehe 27 Radio Moscow ikatangaza barua ya pili yenye masharti makali zaidi, na siku hiyohiyo ndege ya Marekani ikatunguliwa juu ya Cuba, rubani Rudolf Anderson akafa. Rais alikuwa na barua mbili za mtu mmoja zisizofanana na maiti ya ofisa wake. Akaijibu hadharani ile ya kwanza, akamtuma mdogo wake Robert kuzungumza faragha na balozi wa Kisovieti kuhusu lililokuwa ndani ya ile ya pili. Mwaka uliofuata nchi mbili hizo ziliunganishwa kwa waya wa moja kwa moja. Wengi hudhani ni simu nyekundu ya kuzungumzia. Ilikuwa mashine ya maandishi, kwa sababu maneno ya mdomo husikika vibaya na hayana kopi.

Hatua ya 6: Anza, kisha nyamaza

Bandika ukutani ikulu manila yenye maswali manne, na umwambie rais anaruhusiwa kuyauliza kwa kila karatasi:

Nani aliona kwa macho yake?
Iliandikwa lini, na tangu hapo nini kimebadilika?
Nani mwingine ameisoma?
Nikingoja hadi kesho, nini kitaharibika?

La tatu ndilo linalosahaulika, na katika kisa cha Trent ndilo lenye uzito, maana magazeti na Bunge wamekwisha kusema kabla yake. Rais akiulizia mapema atagundua kwamba Welles ameshapongeza, na kwamba akiwaachia wajumbe atamuaibisha waziri wake mwenyewe.

Toa karatasi kwa mafungu, mbili mbili, kisha kwa ghafla tano kwa mpigo. Katika fungu hilo la karatasi tano weka ile ya shura. Usiingilie. Wakikuuliza kama karatasi fulani ni ya kweli, wajibu kwamba wewe ni mwalimu tu, hukuwepo.

London nako wasikae bure. Waambie Russell aandike waraka mkali: wajumbe warudishwe na radhi iombwe. Halafu Albert ausome. Kazi yake ni kuacha mlango ambao Lincoln anaweza kutokea bila kudhalilika. Albert wa kweli, akiwa mgonjwa wa kufa, aliongeza matumaini kwamba labda kapteni alitenda bila maagizo ya serikali yake. Alifariki tarehe 14 Desemba, kabla waraka haujafika kwa Seward.

Lyons ana mbinu moja ya kufundisha. Alikuwa na maagizo ya kuipa Washington siku saba za kujibu. Tarehe 19 Desemba alimwendea Seward akamruhusu kuuona waraka kwa njia isiyo rasmi, kisha akaukabidhi rasmi tarehe 23. Siku saba zikaanza kuhesabiwa tarehe 23, na Seward akawa amepata siku kadhaa za kufikiri bure. Mnong'oneze Lyons wako kwamba anaweza kufanya hivyo. Akifanya, rais anapata dakika za ziada. Asipofanya, saa inaanza kugonga palepale.

Hatua ya 7: Jibu liandikwe mara mbili

Rais asitie saini rasimu ya kwanza. Seward aandike, rais asome akiwa peke yake na kalamu nyekundu, na kila anachokata kibaki kikisomeka. Waonyeshe mfano wa Mei 1861: Seward aliandaa maagizo makali kwa Adams kuhusu Uingereza, yenye harufu ya vita. Lincoln alilainisha maneno na kufuta mengine, akaagiza kwamba waraka ule uwe wa kumwongoza Adams mwenyewe, asiwasomee Waingereza wala kuwaachia kopi. Hasira ya Seward ikabaki, ila ikageuzwa kuwa siri ya ofisi. Wanafunzi hudhani kuhariri ni kusahihisha tahajia. Hapa wataona kwamba swali la nani asomeshwe lina nguvu kuliko maneno yenyewe.

Saini ikishawekwa, barua ipigwe muhuri, iingie kwenye kaunta buku, itoke. Ndipo uwaambie kilichotokea: baraza lilikutana tarehe 25 na 26 Desemba, likakubali kuwaachia Mason na Slidell, na Seward akaandika jibu lililowaachia bila kuomba radhi. Januari 1862 wajumbe wakaendelea na safari. Hawakufanikiwa huko Ulaya.

Pumzikeni hapo. Chai na maandazi, maana duru ya pili inawahusu.

Hatua ya 8: Duru ya pili, Machi 1979, na mji huu ukiwemo

Sasa rais ni Mwalimu Nyerere. Waziri Mkuu ni Edward Sokoine, Ulinzi ni Rashidi Kawawa, Mambo ya Nje ni Benjamin Mkapa, Mkuu wa Majeshi ni Jenerali Abdallah Twalipo. Idi Amin aliingiza majeshi Kagera Oktoba 1978 na kutangaza kwamba eneo la hadi mtoni ni lake, Mwalimu akalihutubia taifa kuhusu uwezo, sababu na nia, na sasa majeshi yetu yameshavuka mpaka na kuichukua Masaka.

Uzuri wa mwezi huu ni kwamba kila aina ya habari inaingia kwa pamoja. Chumba cha pili kiwe mstari wa mbele, cha tatu kiwe Moshi. Pinki: mapigano ya Lukaya, ambako askari wa Libya wanapigana upande wa Amin. Bluu: shinikizo la wapatanishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao hawapendi nchi moja kuiangusha serikali ya nyingine. Bluu nyingine, ya dharura: Gaddafi, kiongozi wa Libya, anampa Mwalimu saa 24 aondoe majeshi Uganda, la sivyo Libya itaingia vitani rasmi. Nyeupe nyingi: kutoka Moshi, ambako tarehe 24 hadi 26 Machi vikundi vya Waganda walioko uhamishoni vinabishana nani ni mjumbe halali na nani si halali.

Chumba cha Moshi kipe vikundi vinne vya wanafunzi watatu watatu, kila kimoja kiandike taarifa yake kwenda Dar es Salaam. Kila kikundi kitasema chenyewe ndicho chenye watu wengi nyumbani. Kiwe pia na ofisa mmoja wa serikali anayeandika dokezo la anachokiona, na huyu ndiye rais anayepaswa kumtafuta. Mazungumzo hayo yalizaa umoja ulioitwa UNLF (Uganda National Liberation Front), Yusuf Lule akawa kiongozi wake. Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, hakuhudhuria, ingawa watu wake walikuwepo.

Swali la kumwachia rais: onyo la Gaddafi lifichwe kwenye jalada la siri, lijibiwe kimya kimya, au litangazwe? Mwalimu alilipeleka redioni, akawaambia wananchi, na majeshi yakaendelea. Kampala ilichukuliwa Aprili 11. Marais wa darasani wengi hulificha, wakihofia taharuki, na mjadala wa hapo huwa mtamu kuliko wote. Upe nusu saa.

Hatua ya 9: Ifuate karatasi moja

Usianze mjadala kwa kuuliza nani alishinda. Fungua kaunta buku, chagua karatasi moja, iliyochelewa au ya shura, na uifuate kwa namba: iliingia saa ngapi, ikakaa kwa nani, ilikatwa wapi, rais aliisoma lini au hakuisoma kabisa. Kila aliyeishika asimame aeleze kwa sentensi moja alidhani inahusu nini. Mwishoni toa kopi kamili kutoka kwenye droo, rais aisome kwa sauti, karani asome maagizo yake ya siri. Hapo patakuwa na kelele. Mlinde karani, hasa kama ni mpole, kwa kuwakumbusha kwamba droo ilikuwa wazi muda wote.

Kama mtaani kwenu kuna mzee aliyekwenda Kagera, jeshini au kwenye mgambo, mwalike aje baada ya mjadala, asije kabla yake. Akija mwanzo atawapa mwisho wa kisa. Wanafunzi wamwamkie, wamkalishe, na wakimuuliza, wamuulize yale aliyoyajua yeye kule aliko: amri ilimfikia kwa mdomo au kwa maandishi, na redioni alisikia nini ambacho kwa macho yake hakukiona. Maswali ya nani alikuwa mkubwa wa nani hayatawafikisha mbali.

Ukiwa na wanafunzi kumi na wawili tu, futa chumba cha London, waraka wa Uingereza uandike mwenyewe, na Lyons awe pia tarishi. Karani usimfute. Karatasi zote zikusanye siku hiyohiyo, za pinki kwa pinki na za bluu kwa bluu, uzifunge pamoja na kaunta buku. Mwaka ujao utahitaji kubadilisha namba tu, na zile zilizokatwa kwa kalamu nyekundu uziweke juu.